Walimu wageni na ratiba ya mwenyeji

Juma hili nataka tuzungumze juu ya mgeni wa aina yake ambaye baadhi ya shule zetu za Kagera zimekwisha kumzoea. Si mfadhili aliyekuja kukagua fedha zake, wala si mtalii wa kutazama simba. Ni mwalimu. Amefundisha mwaka mzima huko kwao Marekani, Ujerumani au Uingereza, shule zao zimefungwa kwa likizo ndefu, naye badala ya kwenda kupumzika ufukweni amelipa nauli aje akae na wanakijiji majuma mawili matatu. Anataka kuona jinsi wananchi wanavyoshughulikia matatizo yao wenyewe, kisha arudi akawaeleze wanafunzi wake.

Safari hizi zina taratibu zake, na ni vizuri tuzielewe, maana wengi wetu huona gari tu likiingia uwanjani na watu wakishuka na kamera. Katika majimbo mengi ya Marekani mwalimu hutakiwa kuihuisha leseni yake kila baada ya miaka kadhaa kwa kuonyesha kwamba ameendelea kujielimisha, na safari iliyoandaliwa vizuri inaweza kuhesabiwa kuwa masomo. Wamarekani wanayo pia sheria ya mwaka 1961, inayojulikana kwa majina ya wabunge wawili, Fulbright na Hays, ambayo kwa miaka mingi imewapeleka walimu nchi za nje kwa gharama ya serikali. Wengine hulipiwa na makanisa yao. Wengine hununua nafasi kwa kampuni na jumuiya zinazoandaa safari hizo, na siku hizi tangazo halikosi kusema kwamba katika safari hii jamii ndiyo inayoongoza.

Maneno hayo ni matamu. Swali langu ni hili: jamii ipi, na imeongoza lini, ikiwa ratiba ilipigwa chapa Boston au Munich miezi sita kabla mwenyekiti wa kijiji hajapata habari?

Tuchukue mfano wa Kagondo. Najua msikilizaji wa Bukoba ataniuliza Kagondo ipi, kwa sababu zipo mbili: kata iliyo ndani ya Manispaa ya Bukoba, na Kagondo ya Muleba yenye hospitali ya Kanisa Katoliki. Kwa hoja yangu ya leo yoyote inafaa, kwani kalenda ya shule ni moja. Shule zetu hufungwa mapema mwezi Juni na kufunguliwa mwanzoni mwa Julai. Wenzetu huwa huru hasa Julai na Agosti. Kwa hiyo mgeni akija Juni hukuta madarasa matupu. Akija Julai au Agosti hulikuta darasa la saba likijiandaa kwa mtihani wa taifa wa Septemba. Likizo yake ndiyo kipindi chetu kigumu kuliko vyote. Hakuna mwalimu mkuu anayependa siku mbili za darasa la saba zipotee katika mazoezi ya ngoma, lakini ni wangapi wanaothubutu kulisema hilo wakati mgeni ameletwa na barua kutoka juu?

Nimepata kuhudhuria mapokezi ya namna hiyo katika shule moja ambayo sitaitaja. Watoto walipangwa mistari tangu saa tatu asubuhi. Wageni, kwa sababu ya barabara, walifika saa saba. Zikaimbwa nyimbo, ikasomwa risala, na risala yenyewe ilikuwa orodha ya upungufu: madawati, vyoo, nyumba za walimu. Kisha akaitwa mbele mtoto mmoja yatima aeleze jinsi wazazi wake walivyofariki. Wageni walilia. Mwalimu wa darasa aliniambia baadaye kwamba mtoto yule alikuwa amekwisha kusimamishwa hivyo kwa wageni wengine kabla ya hao. Mmoja wa wageni naye aliniambia jioni kwamba amejifunza mengi siku ile. Sina shaka alisema kwa moyo safi. Lakini alichojifunza ni kwamba sisi ni maskini, jambo alilolijua kabla hajapanda ndege.

Walimu wa kigeni si kitu kipya kwetu. Mwaka 1961, Uhuru ukiwa mlangoni, ulianzishwa mpango ulioitwa Teachers for East Africa, ukiendeshwa kwa upande wa Marekani na chuo cha ualimu cha Columbia, New York. Walimu vijana wa Kimarekani na Kiingereza waliandaliwa Makerere, kisha wakagawanywa katika sekondari za Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar. Mwaka huohuo lilianza Peace Corps, ambalo lilifanya kazi nchini hadi mwaka 1969, likaondoka, na kurudi mwaka 1979. Wazee waliosoma sekondari miaka ile wangali wanakumbuka vituko vya Kiswahili chao. Lakini tukumbuke tofauti moja kubwa. Mwalimu yule alikaa miaka miwili, alipangiwa vipindi na mkuu wa shule, na akichelewa darasani aliulizwa kama mwalimu mwingine yeyote. Mwenyeji wake alikuwa bosi wake.

Mwalimu wa majuma mawili hawezi kuwa hivyo. Shule zetu za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, naye hakijui. Afundishe nini? Ndipo hutafutiwa kazi ya mikono ili asijione bure. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tumempa brashi. Utakuta mwalimu wa hesabu kutoka ng'ambo yuko juu ya ngazi anapaka rangi ukuta wa darasa, na fundi rangi wa Kagondo yuko kijiweni akisubiri kibarua.

Mwaka 1968 padri mmoja msomi aliyeitwa Ivan Illich aliwahutubia vijana wa Kimarekani wa mpango wa kujitolea vijijini Mexico. Kwa kifupi aliwaambia waje kutazama, waje kusoma, waje hata kupanda milima, ila wasije kusaidia. Ilikuwa hotuba kali, pengine kali kupita kiasi. Nadhani hata hivyo aliligusa jambo ambalo wapangaji wa safari hizi wamelielewa nusu: mgeni wa muda mfupi faida yake ni kujifunza, na anayejifunza hana budi kuwa na mwalimu. Mwalimu wa mgeni huyo ni mwenyeji.

Je, Muleba ina nini cha kumfundisha mwalimu wa Chicago au Köln? Inacho kingi kuliko tunavyodhani.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwetu walitambuliwa hapa Kagera mwaka 1983. Ilipofika miaka ya tisini kulikuwa na nyumba zisizo na baba wala mama, zimebaki na bibi na wajukuu. Misaada ya kwanza ilikuwa ile tunayoijua: sare, madaftari, ada. Huko Nshamba, humohumo wilayani Muleba, mwishoni mwa miaka hiyo ulianza mradi wa Humuliza, jina la Kihaya lenye maana ya kufariji. Waliouanzisha waliona kwamba mtoto aliyepewa sare anaweza kukaa darasani siku nzima na asisikie lolote, kwa sababu yuko msibani. Anasinzia, anapigana, anatoroka. Mwalimu anamchapa kwa utoro. Basi mradi ukawafundisha walimu wa shule za kawaida namna ya kumtambua mtoto mwenye huzuni, kuzungumza naye na kumsikiliza, na kikaandikwa kitabu cha kuwaongoza walimu katika kazi hiyo.

Mwaka 2000 watoto wenyewe wakaunda chama chao, Vijana Simama Imara, chenye viongozi wanaochaguliwa kutoka miongoni mwao. Mwaka 2003 ukaanza mradi wa Kwa Wazee, ambao ulichagua njia iliyowashangaza wengi: kuwapa bibi wanaolea wajukuu fedha taslimu kila mwezi, kama pensheni, na kuwaachia wao waamue matumizi. Wapo waliosema zitanywewa pombe. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 ulilinganisha nyumba zilizopata fedha hizo na zisizopata, na jina la taarifa yake latosha kueleza zilikokwenda: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Uzoefu wa Nshamba ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyochangia kuzaliwa kwa REPSSI mwaka 2002, shirika linaloshughulikia faraja na malezi ya watoto katika nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika.

Nisieleweke kwamba yote hayo yalifanywa bila mgeni. Walikuwapo Waswisi tangu mwanzo, na fedha za Uswisi. Hata Jambo Bukoba, shirika lililoasisiwa Ujerumani mwaka 2008 na Clemens Mulokozi, ambalo huwafundisha walimu wa Kagera kutumia michezo kufundishia stadi za maisha, lina miguu miwili, mmoja huku na mmoja kule. Jamii kuongoza si lazima kuwafukuza wengine chumbani. Ni nani anauliza swali la kwanza, ndilo jambo lenyewe. Nshamba swali la kwanza lilihusu mtoto anayesinzia darasani, si ukuta usio na rangi.

Na watoto waliofiwa wako kila nchi. Mwalimu wa Chicago naye ana mtoto ambaye kaka yake alipigwa risasi. Akikaa siku mbili na mwalimu wa Muleba aliyelea darasa la mayatima, bila kamera, wakaulizana wanafanyaje, atakuwa amepata somo ambalo hakuna chuo kitakachomuuzia. Mtoto mwenyewe hahitajiki kusimama mbele.

Kuna somo jingine tunalolificha wenyewe kwa aibu ya bure. Serikali ilipoanza mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari mwaka 2004, sekondari za kata zilichipuka nchi nzima, na wazazi walichangia fedha, mawe, mchanga na nguvu zao. Mgeni akifika leo huonyeshwa jengo lenye kibao cha mfadhili. Hakuna anayempeleka kwa mama aliyesomba mawe ya msingi kwa kichwa, wala kwa mjumbe aliyezunguka na daftari la michango na kuchukiwa na nusu ya kijiji. Huyo mjumbe angeweza kumweleza mgeni jinsi maendeleo yanavyofanyika, pamoja na ugomvi wake. Amkaribishe kibanjani, ampe kahawa ya kutafuna kama ilivyo desturi ya Wahaya, na amweleze.

Sasa yapo mambo ambayo kamati ya shule inapaswa kuyajua kabla ya kusema karibu. Viza ya matembezi haimpi mgeni ruhusa ya kufanya kazi, hata ya bure. Anayekuja kujitolea ana kibali chake, na wanaokaa kwa kujitolea huombewa kibali cha ukaazi cha daraja C. Anayekuja na madodoso ya utafiti hupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia. Mwalimu mkuu hana mamlaka ya kumpokea mtu shuleni kwa sababu tu ana uso wa bashasha: barua ipitie kwa mkurugenzi na afisa elimu wa halmashauri. Kuhusu picha, tunayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mlezi aulizwe kwanza, si baada ya picha kufika Ulaya.

Zaidi ya hayo, kamati ina haki ya kuuliza kila mgeni amelipa kiasi gani na ni sehemu ipi itabaki kijijini. Swali hili huonekana la utovu wa adabu. Mimi silioni hivyo. Mama anayepika, familia inayolaza wageni, mwalimu anayetoa siku zake, wote wanafanya kazi inayouzwa mahali fulani kwa bei fulani. Tumezoea kusema mgeni njoo mwenyeji apone; basi tujue mwenyeji amepona kwa shilingi ngapi. Swali hili litakuwa na uzito zaidi kadiri siku zinavyokwenda, kwa sababu tangu mwaka 2019 tuna Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato jirani, na wenye magari ya watalii hawatachelewa kuona kwamba kijiji kinaweza kuunganishwa na twiga katika tangazo moja.

Kamati iandike ratiba yake yenyewe, ukurasa mmoja unatosha. Iseme tunapokea wageni wangapi, mwezi gani, watakaa kwa nani, watajifunza nini kwetu, na nini hatukionyeshi. Mwenye kampuni asiyeikubali aende kwingine.

Nimebakiza jambo ninaloliona kubwa kuliko yote. Katika mazungumzo haya yote msafiri ni mzungu na mwenyeji ni sisi. Mwalimu wa Kagondo husafiri lini kwenda kujifunza? Hapana haja ya ndege. Kutoka Bukoba hadi mpaka wa Mutukula ni kama kilomita 80, na ng'ambo ya pili kuna Rakai na Masaka, ambako janga lililotupata lilianza miaka ileile. Hospitali ya Kitovu ya Masaka ilianza mwaka 1987 kuwafuata wagonjwa majumbani. TASO ilianzishwa Uganda mwaka huohuo na watu ambao wengi wao walikuwa wameguswa na ugonjwa wenyewe. Walimu wa huko wamefundisha mayatima kama sisi, kwa mtaala mwingine na lugha nyingine, nao bila shaka yapo waliyopatia na waliyokosea tofauti na sisi. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unafanya kazi tangu Julai 2000, lakini ninaowaona wakivuka Mutukula kila siku ni wafanyabiashara.

Walimu sita, siku nne za likizo ya Juni, hati za kusafiria, nauli ya basi na malazi ya kawaida. Si fedha nyingi. Sehemu ya malipo ya kundi moja tu la wageni ingeweza kuzitoa, na kamati zinazokutana kupanga mapokezi ya Julai zinaweza kuliingiza jambo hili katika ajenda za kikao hichohicho.