Kioo cha mkononi chaweza kuwaepusha wenye mikokoteni na ajali Dagahaley

AJALI haina kinga, husema Waswahili. Hata hivyo, ipo ajali moja ambayo kinga yake ni kioo kidogo kilichofungwa mkononi.

Katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, iliyofunguliwa mwaka wa 1992 karibu na mji wa Dadaab, Kaunti ya Garissa, mkokoteni wa punda hubeba maji, kuni na magunia ya chakula. Katika njia hizo za mchanga, mkokoteni hukutana na malori, magari ya mashirika ya misaada, bodaboda na watoto waendao shule.

Tatizo ni la nyuma. Mwendeshaji huketi akimtazama punda wake. Akisikia mngurumo, hugeuza kichwa kuangalia begani. Mwili hufuata kichwa, mkono nao huvuta hatamu bila yeye kukusudia. Kwa kuwa nchini Kenya magari hupita kushoto na kumpita aliye mbele kwa upande wa kulia, punda aliyevutwa kulia huingia njiani mwa gari lile lile ambalo mwenyewe alitaka kuliepuka.

Muda nao ni mfupi. Gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa husafiri takriban mita 11 kila sekunde. Ukitazama nyuma kwa sekunde mbili, limekwisha kukukaribia mita 22.

Ufumbuzi wa tatizo kama hili umepatikana ng'ambo. Huko Ulaya na Marekani wapo watu wanaosafiri kwa vyombo vya umeme vyenye gurudumu moja, ambavyo msafiri husimama juu yake bila kushika chochote. Kwa vile vyombo hivyo havina usukani wa kufungia kioo, baadhi yao hukifunga kioo kwenye kifundo cha mkono, mfano wa saa. Mkokoteni wa punda pia hauna usukani, hivyo mbinu hiyo yaweza kuufaa.

Kioo kifungwe mkono wa kulia, hatamu zishikwe kwa wa kushoto. Mwendeshaji ahakikishe kwanza kuwa mbele kuko wazi, kisha ainue mkono hadi usawa wa kifua, kiwiko kikiwa kimekunjwa, na kuelekeza kioo nje kidogo ya bega. Atupie jicho mara moja tu, kisha arudishe macho mbele. Afanye zoezi hilo akiwa amesimama hadi mkono uzoee.

Aina ya kioo pia ni muhimu. Kioo bapa huonyesha umbali halisi, lakini eneo lionekanalo ni dogo. Kioo mbinuko huonyesha eneo kubwa, ila hufanya gari lionekane dogo na la mbali kuliko lilivyo. Anayekitumia asidhani ana nafasi ya kutosha kwa kuwa tu lori linaonekana kama kisanduku cha kiberiti.

Vipande vya kioo vilivyovunjika visitumiwe kamwe, kwani mtu akianguka vitamkata mshipa. Cha plastiki ni salama zaidi. Kipanguswe vumbi mara kwa mara, na kisipotumika kigeuzwe chini, maana jua la Garissa likikigonga laweza kumtia kiwi dereva aliye nyuma.

Waendeshaji baiskeli nao waweza kukitumia. Wa bodaboda hawakihitaji, kwa kuwa pikipiki huja na vioo vyake; shida ni wale wanaoving'oa.

Ikumbukwe kuwa kioo hakioni kila pembe wala hakipenyi vumbi. Kabla ya kukata kona, mwendeshaji apunguze mwendo, atoe ishara kwa mkono na ahakikishe kwa macho yake kuwa njia ni salama. Usiku, mkokoteni wenyewe uwe na viakisi mwanga nyuma, kwani kumwona dereva hakumaanishi kwamba naye amekuona.