Mkalimani anayejua Kilatini lakini hajui Kiswahili

Je, msomaji, umewahi kujiuliza tarakilishi huelewaje unapoiandikia neno kama PRINT? Haielewi hata kidogo. Ndani yake mna mkalimani.

Chukua mfano wa soko la Nyakoe, kwenye barabara ya Kisii kwenda Oyugis. Muuza ndizi anajua Ekegusii pekee, naye mnunuzi anajua Kijaluo pekee. Anayezisikia lugha zote mbili husimama katikati, akatafsiri sentensi moja, ikajibiwa, kisha akatafsiri nyingine. Hiyo ndiyo kazi ya mkalimani wa BASIC. Lugha yenyewe ilibuniwa na John Kemeny na Thomas Kurtz katika chuo cha Dartmouth, Marekani, mwaka wa 1964.

Mwaka wa 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) iliidhinisha mtaala wa kufundisha uandishi wa programu katika shule za msingi na za upili. Ni vyema. Lakini kwa maoni yangu, mwanafunzi aliyezoea kupakuliwa chakula kilichoiva hajui jikoni kukoje. Mkalimani wa zamani anaweza kujengwa nyumbani kutokana na msimbo wake wa asili, yaani maandishi ya mtungaji kabla hayajageuzwa kuwa programu.

Mwezi wa Mei 2020 kampuni ya Microsoft ilitoa msimbo wa GW-BASIC ya mwaka wa 1983. Usianzie hapo! Umeandikwa kwa lugha ngumu ya chipu ya 8088, tena ulitolewa bila zana za kuujengea. Ni sawa na kupewa matofali bila saruji wala mwiko.

Anza na Bywater BASIC ya Ted Campbell, ambayo ni ya bure na imeandikwa kwa lugha ya C. Ukishaipata, hata kutoka kwa rafiki, huhitaji intaneti tena, na kwa kijana aliye likizoni Nyakoe bila pesa za bando, hilo si jambo dogo. Kompyuta kuukuu yenye Linux, gcc na make inatosha.

Makosa yakijaa kwenye kioo, usishtuke. C ya zamani ilivumilia mengi ambayo gcc toleo la 14, la mwaka wa 2024, huyakataa. Mara nyingi kuongeza -std=gnu89 humlegeza. Soma kosa la kwanza kwanza, maana mengi yanayofuata ni watoto wake.

Ujenzi ukikamilika, andika 10 PRINT "BWAKIRE", kisha RUN. Atakusalimu.

Sasa fungua faili ya bwb_mes.h. Humo mna maneno anayoyatoa mkalimani unapokosea, yameandikwa kwa lugha kadhaa, Kilatini kikiwemo. Kilatini! Nani hukemewa kwa Kilatini nyumbani kwenu? Yageuze yawe Kiswahili au Ekegusii, ujenge upya, kisha umwite mdogo wako aandike amri yenye kosa, uone atakavyoruka.