Mwanao anakariri hatua za sataranji? Muulize 'kwa nini'

Mtoto anafungua programu ya sataranji, au chesi kama wengi wanavyoiita, kwenye simu ya mama. Anasogeza askari wa mbele ya mfalme, na kabla hajaondoa kidole simu imeshajibu. Anatoa farasi, simu inajibu papo hapo. Wanafika hatua ya nane au ya kumi, ndipo simu inaanza kusita.

Wazazi wengi hudhani mtandao umekatika. Mara nyingi sivyo. Programu nyingi za sataranji huanza mchezo kwa kusoma kitabu cha ufunguzi, yaani hazina ya hatua za mwanzo zilizoandaliwa mapema. Kitabu kikiisha, ndipo mashine inaanza kufikiri.

Kinavyotengenezwa

Mwenye kete nyeupe ana hatua 20 za kuanzia, na mwenye nyeusi ana 20 za kujibu. Kila mmoja akishacheza mara mbili, njia walizoweza kupita zinafika 197,281. Ni kazi kubwa kuzichambua zote kwa kina upya kila mchezo.

Kwa hiyo waandaaji hukusanya maelfu ya michezo ya mabingwa na kuchukua hatua za mwanzo tu. Kwa kila mpangilio wa ubao huandika ni hatua gani ilichezwa, mara ngapi, na ilileta ushindi, sare au kipigo. Hatua mbovu hufutwa. Zilizobaki hupewa uzito: yenye uzito mkubwa huchezwa mara nyingi zaidi, lakini si kila mara, ili mpinzani asiizoee programu.

Kitabu kizuri kina nguvu. Mei 11, 1997, jijini New York, kompyuta ya IBM iitwayo Deep Blue ilimshinda bingwa wa dunia, Garry Kasparov, katika mchezo wa sita na wa mwisho uliochukua hatua 19 tu. Hatua iliyomwumiza, ya kutoa farasi ili kuvunja ulinzi wa mfalme, ilitoka kitabuni, na kitabu kiliandaliwa na watu, akiwamo bingwa wa Marekani Joel Benjamin.

Lakini kitabu kikiwa na kosa, mashine hulirudia kosa lile lile kesho na keshokutwa bila kujiuliza.

Njia ikifungwa Tabora

Watu wa Tabora wana mfano wao wa jambo hili. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilijulikana vizuri, na wapagazi wa Kinyamwezi walijua kila kituo na kila kisima. Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871 na kufika Tabora Juni.

Hapo mambo yakabadilika. Vita vya Mtemi Mirambo vilikuwa vimeifunga njia ya kwenda Ujiji. Waliojua njia moja tu walikwama. Stanley alizunguka kusini, na kabla mwaka haujaisha akampata David Livingstone Ujiji. Mwaka uliofuata Livingstone alikaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, katika tembe ambalo leo ni makumbusho.

Mtoto aliyekariri hatua kumi za ufunguzi ni kama msafiri anayejua njia mpaka Tabora tu. Mpinzani akicheza hatua ya ajabu mapema, njia imefungwa. Mashine ikitoka kitabuni bado ina uwezo mkubwa wa kukokotoa. Mtoto aliyekariri bila kuelewa hubaki mikono mitupu, akashindwa, na wengine huuchukia mchezo moja kwa moja.

Bao nalo lina shule yake

Mchezo wa bao nao una mwanzo maalumu: kila mchezaji ana kete 10 ubaoni, sita kati yake zikiwa kwenye nyumba, na 22 mkononi. Mwaka 2002 watafiti wa Maastricht, Uholanzi, Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk, waliandika jinsi ya kuifundisha kompyuta bao. Lakini barazani, kitabu cha ufunguzi kimo kichwani mwa babu, na babu hakukisoma popote. Alikipata kwa kufungwa na kuuliza. Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora, alikuwa mpenzi mkubwa wa bao.

Mzazi afanye nini

Huhitaji kujua sataranji. Mtoto akicheza hatua ya kwanza, muulize: kwa nini hiyo? Akijibu, "Ndivyo inavyochezwa," bado anakariri. Akisema, "Nataka kushika katikati," au "Nampisha askofu atoke," ameelewa.

Mchezo ukiisha, muulize ni wapi mpinzani alimtoa kwenye njia aliyoizoea, na alifanya nini baada ya hapo. Msianze na nani kashinda.

Na siku za likizo, mpeleke kwa babu yake acheze bao. Atafungwa sana. Mwache afungwe, mradi arudi nyumbani akiweza kueleza alivyofungwa.