NGOMA KWANZA, KISU BAADAYE!

Wiki hii tunapanda pipa mpaka Istanbul, Uturuki. Si kutalii bwana, ni kunyonywa mafuta ya tumbo!

Mwenye tumbo si mimi. Ni anti yangu, ana duka la nguo Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Istanbul kwake ni kama Mbagala. Kila mara yuko Laleli, mitaa ya nguo za jumla, anafunga mzigo. Aprili 2024 akaamua safari ya mzigo imalize na tumbo. Mimi nikachukuliwa kubeba mikoba.

"Mwanangu, tukitoka hospitali ni raha tupu," alinitambia.

Na raha kweli zilikuwepo. Kila Aprili jiji lile hufanya tamasha la tulipu, maua ambayo Waturuki huyaita lale. Bustani ya Emirgan, kando ya mlango-bahari wa Bosporus, inawaka rangi tupu. Kosa letu moja: anti alipanga kisu siku ya pili, maua baadaye.

Weee! Alitoka kwa daktari kavalishwa nguo ya kubana kuanzia kifuani mpaka mapajani, ya kukaa nayo wiki kadhaa. Kuinuka kitandani mpaka nimshike. Jua marufuku. Hamamu, yale mabafu yao ya mvuke, marufuku. Emirgan yenyewe ni vilima, basi maua aliyaona kwenye simu yangu.

Mbaya zaidi, tiketi ya kurudi ilikuwa siku ya nne baada ya kisu. Hapo nikagoma. Ukikaa kwenye ndege saa saba na kidonda kibichi, damu inaweza kuganda mguuni, ikipanda mapafuni ndiyo kwaheri. NHS, huduma ya afya ya Uingereza, inashauri kusubiri siku 5 hadi 7 baada ya kunyonywa mafuta, na 7 hadi 10 kama umekatwa ngozi ya tumbo. Tukasogeza tiketi kwa wiki moja.

Siku hizo za nyongeza ndizo zilizotupa raha pekee. Jumapili, daktari alipomruhusu kutembea kidogo, tukachukua teksi hadi Galata, kwenye jumba la Mevlevi lililoanzishwa 1491. Pale tuliona sema, ibada ya kuzunguka ya wafuasi wa Rumi, aliyefariki Konya mwaka 1273. UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia usioshikika mwaka 2008. Wanazunguka taratibu na kanzu nyeupe, kiganja cha kulia juu, cha kushoto chini. Hakuna makofi, hakuna kutunza. Taarab si hii!

Nikamnong'oneza anti kwamba ile kofia ndefu ni mfano wa jiwe la kaburi, na nguo nyeupe ni sanda. Akanishika mkono.

"Mwanangu, zile karatasi za hospitali nilitia sahihi bila kusoma."

Sikuwa na jibu. Sasa anti mzima, yuko dukani anatesa, lakini bahati si mpango.

Kwa hiyo ukienda kurekebishwa ughaibuni, maua na ngoma viwe kabla ya kisu. Baada ya kisu, chagua burudani ya kukaa. Usiende peke yako, acha siku za kutosha kabla ya pipa, na karatasi soma hadi nukta ya mwisho.

Kazi kwenu!