Mbwa Mzee Anapoanguka Ghafla

Huku Kilimatinde, wilayani Manyoni, mbwa ni mlinzi wa nyumba na zizi. Akiisha kuzeeka huwa kama mmoja wa jamaa. Ndiyo maana akianguka na kufa ghafla, nyumba nzima husikitika, na upesi husikika neno: "Amelishwa sumu!" Ugomvi wa majirani huanzia hapo.

Sumu ipo. Lakini akina mama, tujue pia kwamba mbwa mzee anaweza kuwa na uvimbe moyoni.

Uvimbe huo mara nyingi ni kansa inayoanzia katika mishipa ya damu. Hupenda kuota kwenye chumba cha juu cha moyo, upande wa kulia. Huwapata hasa mbwa wa miaka 8 na zaidi. Ukipasuka, damu huvujia kwenye mfuko unaouzunguka moyo. Mfuko ukijaa huubana moyo, nao hushindwa kusukuma damu, mbwa akaanguka. Damu ikivuja kidogo tu, huamka na kula kama kawaida, nasi tukasahau. Baada ya siku chache huanguka tena.

Dalili zake

Fizi huwa nyeupe, pumzi huenda kasi, mbwa huchoka kwa mwendo mfupi, na pengine tumbo hujaa maji. Lakini tusiharakishe kuamua. Magonjwa ya kupe nayo hufanya fizi kuwa nyeupe, na yanatibika. Sumu ya panya nayo huvujisha damu. Basi tumwite afisa mifugo mapema. Na mbwa aliyebadilika tabia, anayetoka mate au kutaka kuuma, tusimguse kabisa: huenda ni kichaa cha mbwa.

Je, kuna tiba?

Uvimbe wenyewe huonekana kwa kipimo cha ultrasaundi. Chuo Kikuu cha Sokoine, kinachofundisha madaktari wa mifugo, kiko Morogoro, zaidi ya kilomita 300 kutoka kwetu. Daktari anaweza kuitoa damu hiyo kwa sindano, mbwa akapata nafuu, lakini kwa kawaida hujaa tena. Upasuaji na dawa za kansa huongeza miezi tu. Ugonjwa huu hauambukizi watu wala mifugo.

Tunaloweza kufanya nyumbani ni kumpa kivuli, maji na mapumziko. Asifuatane tena na ng'ombe malishoni. Tusimpe Panadol wala diklofenaki, maana dawa hizo zinaweza kumuua. Akiteseka mno, tumwombe mtaalamu amlaze bila maumivu, na watoto tuwaeleze ukweli.

Tukijua haya, tutauliza kwanza mbwa alikuwa na umri gani, na kama aliwahi kuanguka kabla ya siku hiyo. Maswali hayo mawili yanaweza kuokoa ujirani wa miaka mingi.