Ekseli Kuukuu Ndani ya Land Rover Kuukuu: Hesabu Kwanza Ndipo Ulipe

Katika skimu nyingi za makazi bado yako magari ya Land Rover ya pikapu ambayo ni makubwa kwa umri kuliko madereva wake. Asubuhi hubeba maziwa, mchana mbolea na mbegu, na siku ya soko hubeba viazi na kabichi. Gari kama hilo likivunjika ekseli ya nyuma, yaani ule mhimili unaobeba magurudumu mawili ya nyuma na kuyazungusha, maziwa hayangoji. Ndiyo sababu mkulima hukimbilia kwa wauza vyuma vikuukuu, akalipa haraka, na kurudi nyumbani na kitu kizito ambacho pengine hakitamfaa.

Makala haya yahusu gari moja tu, kwa kuwa ndilo lililo mikononi mwa wakulima wengi: Land Rover ndefu ya inchi 109, yenye springi za mabati. Aina ya pili ilianza kutengenezwa mwaka 1958, ikafuatwa na ile ya pili A mwaka 1961, na aina ya tatu ikaanza mwaka 1971 na kuendelea hadi mwaka 1985. Mwenye gari la namna nyingine asidhani kwamba vipimo vya hapa ni vyake.

Ugonjwa wa gari la aina ya pili wajulikana. Ndani ya ekseli yake mna shafti mbili, moja kwa kila gurudumu, na mwisho wa kila shafti mna meno 10 yanayoingia katika difu. Meno hayo ni machache na shafti yenyewe ni nyembamba kwa kazi ya mzigo mzito. Dereva akiwa amekwama matopeni na magunia nyuma, akaachilia klachi kwa ghafula, husikia mlio kama wa fimbo kavu ikivunjwa. Injini yanguruma, gea imeingia, na gari halisogei.

Likikufika jambo hilo njiani usikate tamaa. Ingiza magurudumu ya mbele kazini, na gari litakupeleka nyumbani polepole kwa kuvutwa na mbele. Vipande vya shafti iliyovunjika vitolewe kwanza ikiwezekana, visije vikasaga difu. Afadhali zaidi ni kufungua propela ya nyuma na kuiweka ndani ya gari. Punguza mzigo. Huo ni msaada wa safari moja tu.

Sasa, yule aliyevunja shafti mara mbili au tatu huambiwa na mafundi atafute ekseli ya Salisbury. Ushauri huo ni mzuri. Ekseli ya Salisbury ndiyo iliyofungwa nyuma ya magari ya inchi 109 ya aina ya tatu, na shafti zake ni nene, zenye meno 24. Kuitambua si kazi. Ekseli ya zamani ina mgongo wa mviringo usio na mfuniko, na difu yake hutolewa kwa mbele. Salisbury ina tumbo kubwa zaidi, na nyuma yake pana mfuniko wa bati uliofungwa kwa bolti 10. Mfuniko huo ni rafiki wa mnunuzi. Ufungue, nawe utayaona meno yote ya ndani bila kuharibu chochote. Oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yaliingia. Ukipitisha sumaku chini na kuokota vipande vya chuma, ondoka. Unga mwepesi wa chuma, ule laini kama masizi, ni wa kawaida kwa kitu kilichofanya kazi miaka mingi.

Lakini jambo kubwa kuliko yote haliko katika kutazama. Liko katika kuhesabu, nalo ndilo linalowagharimu watu fedha na magari.

Magari hayo ya springi za mabati hutumia hesabu ya 4.7 mbele na nyuma. Maana yake, propela huzunguka mara 4 na karibu robo tatu ndipo gurudumu lizunguke mara 1. Magari ya baadaye yenye springi za koili, yale ya 110 yaliyotoka mwaka 1983, nayo yalikuwa na ekseli ya nyuma ya Salisbury. Kwa nje tumbo lafanana kabisa. Ndani hesabu yake ni 3.54. Katika rundo la vyuma, ekseli hizo mbili hulala pamoja kama mapacha, na muuzaji mara nyingi hajui tofauti, au anaijua na kunyamaza.

Mkulima mmoja wa upande wa Kinangop alinunua ya pili akidhani ni ya kwanza. Aliona kwamba viti vya springi havilingani, akampelekea fundi wa kuchomelea, akakatiwa vya koili na kuwekewa vya mabati. Gari likaenda. Tena likaenda kwa furaha, maana katika barabara tambarare lilikimbia kuliko awali na injini haikulia sana. Majirani wakasifu. Mvua za masika zilipofika, akakwama karibu na kituo cha maziwa, akaingiza magurudumu ya mbele ili atoke. Ukigawanya 4.7 kwa 3.54 utaona kilichofuata: magurudumu ya nyuma yalitaka kwenda hatua 4 wakati yale ya mbele yanakwenda 3. Matopeni magurudumu huteleza, kwa hiyo alitoka. Lakini aliendelea hivyo hivyo mpaka kwenye barabara ya changarawe ngumu, na huko hapana cha kuteleza. Shafti ya mbele ikakatika, na gea zilizo nyuma ya giaboksi zikapoteza meno. Fedha za viazi vya msimu ule zikaingia katika gari, na maziwa yake yalipelekwa kwa punda wa jirani kwa muda mrefu.

Kuhesabu kwenyewe ni kazi ya dakika tano, na hapana haja ya chombo ila kipande cha chaki. Ekseli ikiwa imelala chini, inua ncha zake juu ya magogo ili vitovu vya magurudumu viwe huru. Mtu mmoja ashike kitovu cha upande wa kushoto kisizunguke hata kidogo. Piga alama ya chaki juu ya kitovu cha kulia, na nyingine juu ya flenji pale propela inapofungwa. Zungusha kitovu cha kulia mizunguko 2 kamili, huku mwingine akihesabu mizunguko ya flenji. Ikifika 4 na karibu robo tatu, ndiyo yako. Ikifika 3 na nusu, ni ya gari jingine, hata kama yang'aa kwa rangi mpya.

Kwa nini mizunguko 2 na si 1? Kwa sababu difu hugawa mwendo kwa magurudumu mawili. Moja likizuiwa, lile jingine huzunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa gea kubwa iliyo ndani. Watu wengi huzungusha mara moja tu, wakapata 2 na kitu, wakadhani ekseli ni mbovu.

Ukiridhika, nunua ekseli pamoja na ngoma zake za breki, sahani zake na, hili nalisisitiza, propela ya gari lile lile. Pua ya Salisbury ni ndefu kuliko ya ekseli ya zamani, kwa hiyo propela yako haitaingia; yatakiwa fupi zaidi. Wako watu watakaokuambia propela hukatwa na kuchomelewa mara moja. Propela iliyochomelewa kwa kukisia hutetemesha gari zima na kuua beringi za ekseli uliyoinunua kwa shida. Dai pia stakabadhi yenye jina la muuzaji na namba ya gari lililovunjwa. Chuma cha wizi hakina alama usoni, na mwenye kukamatwa nacho ndiye mwenye kuulizwa.

Kazi ya kufungua inaweza kufanywa nyumbani na watu wanne wenye nguvu, kwa maana Salisbury ni nzito. Kabla ya spana ya kwanza, kila atakayekuwa karibu na gari aelezwe jambo lifuatalo.

Breki ya mkono ya Land Rover hizi haishiki magurudumu. Ngoma yake iko nyuma ya giaboksi, nayo hushika propela. Ukifungua propela ya nyuma, au ukichomoa shafti moja tu, breki ile haishiki tena magurudumu ya nyuma hata ukiivuta mpaka mwisho. Zaidi ya hayo, ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, lile lililobaki chini laweza kubingirika, kwa kuwa lile la juu liko huru kuzunguka kinyume. Gari lenye kuaminiwa miaka ishirini huteremka taratibu bila mlio, na mtu yuko chini yake. Kwa hiyo tafuta mahali tambarare na pagumu, si mteremko wa boma. Magurudumu ya mbele yawekewe vizuizi vya mbao mbele na nyuma, yote mawili. Chasisi isimame juu ya stendi za chuma au magogo mazito ya mti mgumu yaliyopangwa kwa kupishana. Matofali hupasuka bila kutoa habari. Jeki ni ya kuinulia tu, si ya kulalia chini yake. Watoto wapelekwe mbali.

Legeza nati za magurudumu gari likiwa bado chini. Likishasimama juu ya magogo, fungua bolti 4 za propela, kisha mpira wa breki pale unapoungana na chasisi, na uuzibe ili uchafu usiingie. Fungua ncha za chini za shoki, halafu zile bolti za umbo la U zinazokumbatia ekseli. Hapo wengi hushangaa, maana ekseli haidondoki. Katika gari hili ekseli hukaa juu ya springi, si chini yake. Ni lazima kufungua bolti za nyuma za springi, zile zilizo katika vipete, uzishushe springi, ndipo ekseli ivutwe kwa nyuma.

Bolti hizo za nyuma ndizo zitakazokula siku yako. Zimekaa ndani ya bushi tangu zamani, na kutu imezifanya kuwa kitu kimoja nazo. Zimwagie oili nyembamba siku mbili au tatu kabla, asubuhi na jioni. Zikikataa, afadhali kuzikata kwa msumeno na kutia mpya, kuliko kuzipiga nyundo mpaka chasisi ipinde. Ukiwa hapo, tazama chasisi yenyewe. Ikiwa imeliwa na kutu karibu na viti vya springi, simamisha kazi ya ekseli kwanza, kwa kuwa mzigo wote hukaa juu ya mahali hapo.

Kuingiza Salisbury ni kurudi njia ile ile. Kichwa cha bolti ya katikati ya springi kiingie sawasawa katika tundu la kiti chake. Kikikaa kando, ekseli itakuwa mshazari na gari litakwenda kama kaa. Bolti za U ziwe mpya. Sili za silinda za breki nazo ziwe mpya, kwa maana ekseli iliyokaa katika vyuma vikuukuu huwa na kutu ndani ya silinda. Toa hewa yote katika breki, ukianza na gurudumu lililo mbali kabisa na pedali. Oili ya ndani ni ya daraja la 90 ya difu, kadiri ya lita 2 na nusu, ambapo ekseli ya zamani ilitaka lita 1 na robo tatu tu. Safisha pia tundu dogo la kupumulia lililo juu ya ekseli. Likiziba, oili ikipata moto husukumwa kupita sili na kuingia katika ngoma za breki, na mkulima hulaumu sili isiyo na kosa.

Kama meno ya ndani yanataka kurekebishwa, hilo si la nyumbani. Kutoa gea za Salisbury kwahitaji chombo maalumu cha kupanua tumbo lake, na vipimo vyake ni vidogo mno. Mpelekee fundi aliye nacho.

Safari ya kwanza iwe bila mzigo. Baada ya kilomita chache simama, uguse vitovu kwa mkono. Kimoja kikiwa moto kuliko mwenzake, beringi imekazwa mno. Tazama kama oili yavuja. Kaza tena bolti za U gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, na urudie baada ya juma moja la kazi. Magurudumu ya mbele yajaribiwe penye udongo mlegevu tu, na yatolewe kazini kabla ya kufika barabara ngumu, hata kama hesabu ni sawa kabisa. Kuhusu mzigo, magunia 16 ya viazi ya kilo 50 ni kilo 800, nayo yatosha kwa barabara zetu wakati wa mvua. Ekseli nene haikuongeza nguvu ya chasisi wala ya breki.

Ekseli uliyoitoa usiitupe kwa wauza vyuma siku ile ile. Difu yake, ikiwa nzima, yaingia katika ekseli ya mbele ya gari lako bila kubadili kitu, kwa sababu ni ya namna moja na hesabu yake ni ile ile 4.7. Ipake oili, uifunge kwa gunia, uiweke ghalani. Mfupa uliobaki, pamoja na vitovu na beringi zake, hutengeneza mkokoteni mzuri wa punda. Uwekewe magurudumu ya zamani na mti wa kuvutia, nao utabeba maziwa siku ambayo gari liko juu ya magogo.