Paka akiota uvimbe: tusingoje mpaka upasuke



Nilikuwa nimekuja kuongea juu ya kuanika mahindi, lakini mama mmoja alinivuta pembeni ya depo na kunionyesha paka wake. Chini ya tumbo alikuwa na uvimbe mukubwa kama yai, umeshapasuka. «Niliuona tangu tunapanda,» akasema, «ulikuwa kadogo kama haragi. Nikasema itapotea yenyewe.»

Tangu siku ile nauliza watu kila mahali ninapopita. Majibu ni karibu matatu. Wa kwanza wanasema: «Paka ni paka tu, ikikufa tutatafuta ingine.» Wa pili wanangoja, kama yule mama. Wa tatu wanaogopa: wanasema ni ulozi, ao ugonjwa utaruka kwa watoto. Tuanze na hawa wa mwisho: kansere ya paka haiambukizi mutu. Musimutupe porini kwa sababu hiyo.

Kwa wale wanaongoja, mujue hivi. Paka jike kwa kawaida ana chuchu 8. Kwenye vimbe 10 vinavyoota kwenye maziwa yake, 8 ao 9 ni kansere mbaya. Kwa hiyo haragi lile halipotei, linakua. Likikatwa lingali chini ya santimetre 2, paka anaweza kuishi miaka. Likipita santimetre 3, mara nyingi inabaki miezi tu, hata akipasuliwa. Na munganga wa nyama hakati uvimbe peke yake. Anatoa musitari muzima wa maziwa upande ule, kwa sababu mizizi inapita chini.

Paka mweupe ana hatari ingine: jua. Kidonda kwenye ncha ya sikio ao puani, kinachokauka na kurudi bila kupona, kinaweza kuwa kansere ya ngozi. Kwenye sikio, kukata mapema ile sehemu kunaweza kumuponesha.

Huko Ulaya na Marekani kuna hospitali za nyama zenye dawa za kansere na mashini za miali. Lakini hata kule wenye paka wanauliza kama sisi: ataumia? Itamuongezea siku nzuri, ao siku tu? Hilo ndilo swali la kweli. Kama paka bado anakula, anajilamba na kuwinda, na uvimbe ni mudogo, kumupasua kuna maana. Kama anapumua kwa shida na hali tena, kansere inaweza kuwa imefika kwenye mapafu. Hapo umuombe munganga amulalishe kwa sindano. Si haya, ni huruma.

Mambo ya kutofanya: usimupe parasetamoli, kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua. Dawa ya kupe ya ng'ombe pia inaweza kumuua. Usichome uvimbe kwa chuma cha moto, wala usiufunge kamba.

Kinga iko. Paka jike akitolewa kizazi mbele ya miezi 6, hatari ya kansere ya maziwa inashuka karibu mara 10. Akipita miaka 2, faida hiyo inakuwa karibu bure. Najua tunapenda watoto wa paka, kila nyumba inawaomba. Basi koperative ichague paka wa kuzaa, na wengine wapelekwe kwa munganga siku moja, ili safari yake tuilipe pamoja. Na kila mwezi pitisha vidole kwenye chuchu zote, polepole, kama unachambua maharagi.

Kwa wale wanaosema «paka ni paka tu»: yule wa mama alilalishwa na munganga wiki ile ile, tulikuwa tumechelewa. Kisha panya wakaingia depo. Walitoboa magunia, na watu wakaanza kuongea juu ya kutega sumu karibu na chakula. Hapo kila mutu alijua kazi ambayo yule paka alikuwa anafanya bila mushahara. Leo mama ana paka mupya, jike mudogo. Kila siku ya soko, mbele ya kutoka nyumbani, anamugeuza tumbo na kumupapasa.